Unga Uliopimwa kwa Ndimu

Isebania, 12 Januari 2025

Kwa Mama Eucabeth, Kosele.

Mama, nakusalimu, mimi Bhoke, mke wa Boaz. Boaz anasema kukupigia simu ni kazi bure tangu ile kwinini ikufunge masikio, na kwamba anayetaka kusikika na wewe aandike. Basi nimeandika. Barua nimempa Cliff wa viazi, kwa kuwa kila wiki anapita Kosele kupakia. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu bado ni kile cha kununulia omena. Mwandiko nao uuvumilie, shule niliachia darasa la saba. Lakini napenda kusoma, hata gazeti lililofungia sukari nalisoma mpaka mwisho.

Sababu ya barua ni mkate. Nimejaribu kuoka nyumbani kwa sufuria, moto chini na makaa juu ya kifuniko, kama Boaz anavyosema ulikuwa ukiwaokea. Wangu unatoka tofali. Jumapili aliugonga na spana akasema, "Bhoke, usiutupe, kesho nitauweka chini ya gurudumu la lori nikiwa natengeneza breki." Nilicheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, si sana.

Akoth ana meno mawili sasa. Nataka akikua akumbuke harufu ya mkate wa kwao, si ule wa karatasi ya duka. Boaz anasema siri yako haikuwa mikononi, ilikuwa kwenye kuchagua unga. Mama, unachaguliwaje? Mimi kwangu unga wote ni mweupe.

Najua huko kanisani kwenu wapo wasichana ambao wangejua hili bila kufundishwa. Nami nitajua.

Mimi,
Bhoke


Kosele, 20 Januari 2025

Mke wa Boaz,

Amani. Barua Cliff ameileta. Mwandiko unasomeka, usijisingizie.

Unga wote si mweupe. Utazame juani. Mzuri una weupe wa maziwa. Ukiwa mweupe kama chaki, uache. Unuse: mpya unanuka nafaka, wa zamani unanuka kama mafuta yaliyokaangiwa jana. Ukamate ngumi kisha ufungue. Ukishika alama za vidole halafu ukavunjika taratibu, ni mkavu. Ukibaki donge, umekunywa unyevu, na mkate wake ndio lile tofali lako.

Kisha nguvu. Kanda kidonge kidogo kwa maji, ukioshe ndani ya bakuli ukikiminya pole pole. Weupe utaondoka na maji. Unga wa mkate utakuachia kitu kinachovutika kama ubani uliotafunwa. Hiyo ndiyo mishipa yake, ndiyo itakayoshikilia hewa ya hamira. Unga wa keki utayeyuka wote ukuachie vidole. Nilipika bwenini kwa wanafunzi mpaka masikio yaliponitoa kazini, na sikuwahi kuanza gunia bila kuosha kidonge.

La mwisho si la mkate wa nyumbani, lakini lijue. Siku hizi kuna unga ambao kiwandani umetiwa dawa ya kuuinua. Kwa macho hauutambui. Weka kijiko kimoja kwenye bakuli, ukamulie ndimu. Ukitoa povu kama soda, umetiwa dawa. Ukinyamaza, ni unga mtupu.

Nakueleza haya kwa sababu Sabato ya mwisho ya Machi tuna Meza ya Bwana, na mimi ndiye shemasi ninayeoka. Mkate wa Meza hautiwi chachu wala chochote cha kuuinua: unga, maji, mafuta, chumvi, basi. Kikaango chake kinakaa kwangu na hakijaonja mandazi tangu kinunuliwe. Unga wa duka la hapa una wadudu. Huko mpakani unatoka haraka, hauzeeki. Nichagulie. Nunua mfuko ulioshonwa, si wa kuchotewa kwenye gunia lililo wazi. Ukamulie ndimu, kisha niandikie ulichokiona.

Sijawahi kumwachia mtu mwingine kazi hii.

Eucabeth


Isebania, 24 Machi 2025

Mama mpendwa,

Umeumuka! Mama, mkate umeumuka! Umepanda mpaka umesukuma kifuniko, makaa yakaanguka, nikadhani nyumba inaungua. Juu umepasuka kama shamba la kiangazi lakini ndani ni mwororo, Akoth aliula kwa fizi. Boaz alikula akanyamaza. Mwanao akinyamaza na chakula, unajua mwenyewe.

Huu ninaokutumia ndio unga wenyewe. Nimeuangalia juani, nimenusa, nimekamata ngumi, nimeosha kidonge. Na ndimu nimekamulia, umenyamaza kimya kabisa. Usishangae kuuona kwenye kitambaa, ni mfuko tu ulipasuka mshono nikaona ukikuja hivyo utamwagika kwenye gari la Cliff. Kitambaa ni kisafi, ni cha Akoth.

Anapiga honi hapa nje. Nimefurahi sana kuaminiwa, Mama.

Bhoke


Kosele, 26 Machi 2025

Nyara,

Unga umefika. Mndimu uko hapa mlangoni lakini sikuchuma ndimu ya kuupima tena. Aliyeandika ameona.

Mama


Ujumbe wa simu, 27 Machi

BHOKE: Pauline dada yangu uko Suna ama umehamia mbinguni? Mama Boaz ameniandikia akaniita nyara!!

PAULINE: Nyara ya kutekwa? Ati wewe ni mateka wake? Si nilikuambia usiolewe mbali.

BHOKE: Nami nililia hivyo hivyo. Boaz akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwa Kijaluo ni "binti yangu".

PAULINE: Aaaa. Basi umefika.

BHOKE: Nimekibandika kwa ukuta hicho kikaratasi.


Kosele, 31 Machi 2025

Nyara,

Nakueleza lililotokea, maana litakufikia kwa midomo mingine.

Ijumaa nilikanda, nikachora mistari, nikaoka kabla jua halijatua. Nilipofunua, mkate ulikuwa umevimba. Nikasema ni mvuke, nikauchoma kwa uma. Jua lilikuwa limeshatua, Sabato imeingia, hakuna kuoka tena. Nikaufunika kwa kitambaa cheupe, nikaomba ulale usiku. Haukulala.

Sabato tulioshana miguu, tukarudi ndani, Mzee Nashon akafunua Meza. Unajua mkate wa Meza ulivyo, bapa. Huu ulikuwa umekaa juu ya sahani kama mandazi ya harusi. Mimi sisikii, lakini midomo naisoma. Caren, shemasi mwenzangu, alimwambia wa pembeni yake, "Leo chachu imekuja kanisani na kitambaa kichwani." Na kitambaa kichwani kilikuwa changu.

Mzee Nashon alifunika. Akaniuliza kwa upole. Nikasema, mkate umetoka mikononi mwangu. Meza ikaahirishwa. Watu walirudi nyumbani miguu imeoshwa na midomo mitupu. Wazee wengine walikuwa wametembea kutoka mbali.

Nimeangalia bakuli langu, nimeangalia kikaango, nimeangalia na moyo wangu. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ndimu uliikamulia? Niandikie tu ndiyo au hapana.

Mama


Ujumbe wa simu, 3 Aprili

BHOKE: Dada, wewe unapika mandazi ya kuuza. Kuna unga wa ngano unajiinua bila hamira?

PAULINE: Upo. Wa keki. Una dawa ndani. Kwani?

BHOKE: Mniko wa pale stendi ya malori alinichotea. Nikamwuliza ni unga mzuri? Akasema "mama Akoth, huu hata hamira hauombi, unajiinua wenyewe."

PAULINE: Si alikuambia ukweli.

BHOKE: Mimi nilidhani ANAUSIFU! Kama vile mtu akisemwa huyu amejiinua mwenyewe. Nilidhani ni nguvu.

PAULINE: Sasa shida iko wapi, mkate si ulitoka poa?

BHOKE: Nilimtumia Mama wa kuoka mkate wa Meza. Ulivimba mbele ya kanisa. Ameaibika.

PAULINE: Uuuwi. Bhoke.

BHOKE: Na niliandika nimekamulia ndimu. Sikukamulia. Leo nimekamulia uliobaki hapa. Pauline, povu lilipanda kama sabuni ya kufulia.

PAULINE: Mwambie leo hii.

BHOKE: Ataniondolea lile neno.


Isebania, 4 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Pole sana, pole sana kwa yaliyokupata. Nilisoma nikakosa usingizi. Watu nao wana midomo, usiwasikilize.

Ndiyo Mama, ndimu nilikamulia. Nafikiri labda ni joto la jiko, au maji ya huko yana magadi. Hapa kwetu jirani anasema hata mwezi mpevu huinua unga. Mikono yako haina kosa lolote, usijilaumu hata kidogo.

Akoth ameanza kusimama akishika kiti. Boaz anakusalimu.

Mwanao mpendwa,
Bhoke


Kosele, 11 Aprili 2025

Mke wa Boaz,

Barua yako nimeipata, nimeielewa.

Jumanne nilimpelekea Caren kikaango cha Meza. Alikataa, kisha akakipokea. Meza imepangwa Sabato ya tarehe 26, naye ndiye atakayeoka. Nimemwambia Mzee Nashon asitafute sababu.

Mndimu wa mlangoni umezaa mwaka huu mpaka matawi yanagusa chini. Nimekutumia kidogo.

Msalimie Akoth.

Eucabeth


Isebania, 14 Aprili 2025

Mama,

Ndimu zimefika. Nilizimwaga mezani nikakaa mbele yake kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Boaz aliingia akauliza, "Mama ametuma ndimu za nini, na hatuna samaki?" Nikamwambia yote. Alitoka nje. Aliporudi alisema, "Hayo uliyoniambia mimi, mwandikie yeye." Kwa hiyo naandika, na safari hii hakuna gari linalopiga honi.

Sikukamulia ndimu. Sikuosha kidonge. Sikuuangalia juani kwa sababu ilikuwa karibu jioni. Kunusa nilinusa, hilo ni kweli.

Mfuko haukupasuka, hapakuwa na mfuko. Nilichotewa kwenye gunia la Mniko lililo wazi, lile ulilonikataza, kwa sababu wa kwake ndio uliokuwa umeumusha mkate wangu. Yeye mwenyewe aliniambia, "Unajiinua wenyewe." Hakunificha kitu. Mimi ndiye nililisikia neno kama sifa. Mama, ukiwa mtu ambaye mikate yake ni tofali, ukiambiwa kuna unga unajiinua wenyewe, huulizi kwa nini. Unashukuru.

Siku ile Akoth alikuwa na joto la meno, analia mgongoni, na Cliff yuko mlangoni. Ndimu sikuwa nayo. Kwa jirani zilikuwepo, ningeweza kuvuka ua. Nimejiuliza sana hapo. Muda wa kuandika kwamba nimekamulia niliupata, muda wa kuvuka ua sikuupata.

Lakini huo wa kwanza ulikuwa uongo wa haraka. Wa pili ndio unaoniuma. Ulipouliza ndiyo au hapana, nilikuwa nimeshaliona povu kwa macho yangu. Nikakaa chini, nikachagua kalamu isiyovuja, nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Nikakuletea na mwezi mpevu. Wewe umesimama mbele ya watu unasema ni mikono yako, na mimi nakuambia usijilaumu. Hata pole niliyokupa ilikuwa ya wizi.

Niliogopa kupoteza lile neno. Ulipoandika nyara nilikibandika kikaratasi ukutani pale juu ya kitanda cha mtoto. Mwanzoni nilikuwa nimelisoma kwa Kiswahili nikadhani umeniita mateka, Boaz akanifungua. Sasa kila nikiangalia pale limerudi kuwa la Kiswahili. Kweli nimetekwa. Naamka nalo, nalala nalo. Nimekiondoa ukutani, kiko ndani ya Biblia ya Boaz mpaka useme.

Nikubalie nije Kosele Sabato hiyo nisimame mbele ya kanisa lenu niseme ni mimi. Siogopi kuitwa yule Mkuria. Naogopa wewe kukaa bila kikaango chako kwa sababu yangu.

Cliff anakuletea unga mwingine. Ni mfuko ulioshonwa, mshono usiutilie shaka, na maandishi nimeyasoma yote mpaka ya kiwanda. Nilifungua mwenzake wa boksi moja nikaupima. Juani ni rangi ya maziwa. Kidonge kimevutika mpaka Akoth akataka kukila. Ndimu nimekamulia, moja ya zako, Boaz akiwa amesimama hapo. Umenyamaza.

Lakini mimi si mtu wa kuaminiwa kwa kuandika tena. Ndani ya mfuko wa karatasi nimekuwekea ndimu yako moja, nakurudishia. Kamulia wewe mwenyewe.

Bhoke


Kosele, 27 Aprili 2025

Nyara (soma kwa Kijaluo),

Nimekasirika. Naanza na hilo usije ukalitafuta katikati ya mistari. Si kwa ajili ya unga, unga haujui Sabato. Wala si kwa Mniko, mtu alisema kweli yake akaendelea na biashara. Nimekasirishwa na ile barua ya mwezi mpevu. Mimi nimezaliwa hapa, nimeona miezi mingi, hakuna uliowahi kunipikia chapati.

Sasa soma na langu.

Nilipokuuliza ndiyo au hapana, nilikuwa nimeshajua. Jumapili, kesho yake baada ya aibu ile, nilichuma ndimu nikakamulia unga uliobaki. Ulichemka mpaka ukamwagikia mezani. Na unajua nilihisi nini, nyara? Furaha. Tangu Boaz akulete nimekuwa nikitafuta sababu ya kukukataa. Si wa kanisa letu, si wa lugha yetu, na juu ya hayo yote ni mpole, sababu siioni. Sasa imejaa bakuli zima, inachemka yenyewe. Nilifunga kitambaa kichwani niende nayo kwa Mzee Nashon hivyo hivyo, nimwambie, tazama, ni yule wa Isebania. Nilifika pale kwenye mndimu. Hapo nikajiona ninavyotembea. Mguu ulikuwa mwepesi kama wa msichana anayekwenda ngomani.

Mtu anayefurahi namna ile hawezi kuwaokea watu Meza. Nikarudi ndani nikavua kitambaa. Ndiyo maana kikaango nilikitoa. Usijichukulie lawama yote kana kwamba ni mali yako peke yako.

Kusimama mbele ya kanisa, hapana. Uliyemwandikia uongo ni mimi, na kwangu umeshasimama. Mzee Nashon nimemweleza, la kwako na la kwangu pamoja. Ametuombea, ameyafunga. Kikaango alitaka nirudishiwe. Nimekataa kwa sasa. Acha Caren naye ajue joto la kile kikaango.

Ijumaa nilimpelekea unga wako. Unamjua Caren? Utamjua. Aliugeuza mfuko pande zote, akausoma kama hati ya shamba, akasema akinitazama usoni ili nione midomo:

"Umetoka wapi huu?"

"Kwa nyara, Isebania."

"Isebania tena? Mama Boaz! Umeupima?"

"Umepimwa," nikamwambia.

Akakanda. Jana Mzee Nashon alipofunua, mkate ulikuwa bapa, umenyooka, ukivunjwa unalia kama kijiti. Chumvi ilizidi, lakini hiyo si ya unga wako.

Mwisho wa Juni kuna Meza nyingine. Njoo na Boaz na mtoto. Kabla ya Meza tunaoshana miguu, kila mtu na yule aliyemkosea. Beseni ninalo. Mimi ndiye nitakayeinama kwanza, usinibishie, magoti yangu yanajua njia ya kushuka, ila kunyanyuka utanisaidia. Siku hiyo asubuhi utanionyesha huo mkate wako wa nyumbani, nione kama kweli umeacha kuoka matofali.

Kikaratasi kitoe kwenye hiyo Biblia, maana ilikuwa ya marehemu babake Boaz na hakupenda vikaratasi ndani. Kirudishe ukutani.

Ile ndimu uliyonirudishia ilikaa nzima mpaka Ijumaa jioni, wakati mkate ulikuwa umeshaokwa kwa Caren, na mimi nilikuwa na samaki, ngege wa ziwani, mnene, anatoka kwenye moto. Nimemkamulia ngege.

Mama yako,
Eucabeth